Tusiite mfupa na kilichomo ndani yake kwa jina moja

Hapana shaka umewahi kumsikia mwanasiasa akinguruma jukwaani kwamba kilimo ndicho uti wa mgongo wa uchumi wa Kenya. Wiki hiyohiyo huenda ukaarifiwa kwamba mtoto wa jirani amelazwa kwa homa ya uti wa mgongo. Nalo gazeti likaripoti kuwa abiria wa bodaboda aliumia uti wa mgongo na sasa miguu yake haina hisia. Jina ni lilo hilo moja, lakini vitu vinavyotajwa ni vitatu. Mwanasiasa anasema mfupa, yaani ile nguzo inayousimamisha mwili. Homa ile haina neno na mfupa; hushambulia utando unaoufunika ubongo pamoja na kile kilichomo ndani ya mfupa. Na yule abiria, kilichoumia hata akapooza ni hicho kilichomo ndani, ambacho Kiswahili chetu cha kila siku hakijakizoea kwa jina lake.

Leo nataka tukizungumzie hicho kilichomo ndani: kilivyo, rangi zake mbili, na kwa nini kutokitaja kwa jina lake kunatugharimu. Mimi si daktari. Nimefundisha isimu na leksikografia kwa zaidi ya miaka 30, na katika muda huo nimegundua kwamba istilahi ikikosewa darasani mtu hupoteza alama, ila ikikosewa wodini anaweza kupoteza zaidi ya hapo.

Tuanze na maneno yenyewe. Uti ni nomino yenye unasaba na mti. Waswahili hulitumia kwa kitu chochote kirefu, kigumu na kilichonyooka. Mkuki, mathalani, una uti wake. Kwa hiyo uti wa mgongo, kwa asili, ni ule mfupa, au tuseme safu ya pingili 33 inayoshuka kutoka shingoni hadi kwenye kifandugu, zile za chini kabisa zikiwa zimeshikana kwa mtu mzima. Hapo mwanasiasa wetu hana kosa. Anataka kusema kwamba kilimo kikiondoka, uchumi utalala chini kama gunia.

Kilichomo ndani ya pingili hizo ni kitu kingine kabisa. Ni laini, ni cheupe kwa nje, na unene wake ni kadiri ya kidole cha mwisho. Urefu wake ni kama sentimita 45 kwa mwanamume na pungufu kidogo kwa mwanamke. Uzito wake gramu 35 hivi. Ukitaka kukiona, nenda bucha wakati mwenye shoka anapasua mgongo wa mbuzi. Utaona uzi mweupe umelala katika mfereji unaopita kwenye pingili. Utotoni tulikuwa tukiugombania uzi huo katika mchuzi, bila kujua kwamba tunakula kilichokuwa kikimpelekea mbuzi habari za miguu yake.

Waunda istilahi hukiita ugwe wa mgongo, na wengine huunganisha maneno wakaandika ugwemgongo. Ugwe ni kamba nyembamba, na wasomaji wa pwani wanaojua kigwe watalitambua mara moja. Neno ni zuri, ila limejifungia katika kamusi na vitabu vya biolojia, barabarani halijatoka.

Wala si sisi tu tuliotatizwa na kitu hiki. Wagiriki wa kale waliona kitu laini ndani ya mfupa, wakakiita myelos, yaani uboho, jina lilelile la ute ulioko katika mfupa wa paja. Warumi wakafanya vivyo hivyo kwa neno lao medulla. Hadi leo Mjerumani husema Rückenmark, naye Mfaransa husema moelle épinière, na yote mawili ni uboho wa mgongo. Waingereza ndio walioacha uboho wakashika kamba, na ugwe wetu umeifuata njia hiyo. Kwa maoni yangu hapa tulifuata vyema. Uboho wa mifupa hutengeneza damu, ilhali huu wa mgongoni hautengenezi hata tone.

Sasa hebu tuukate ugwe huo kwa upana, jinsi mtu akatavyo muwa, tutazame uso wa kipande. Katikati kuna umbo la kipepeo aliyekunjua mabawa, au ukipenda, herufi H. Kipepeo huyo ni wa kijivu. Kinachomzunguka pande zote ni cheupe. Hizo ndizo sehemu mbili ambazo vitabu huziita maada ya kijivu na maada nyeupe. (Tafadhali, ni maada, si mada. Mada ni ya mdahalo.)

Mwalimu wa sarufi hawezi kupita hapa bila kusimama. Kwa nini tunasema maada nyeupe lakini maada ya kijivu? Kwa sababu Kiswahili kina rangi tatu tu ambazo ni vivumishi halisi vinavyopokea viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine tumeziazima kutoka vitu: kahawia kutoka kahawa, chungwa kutoka tunda, na kijivu kutoka majivu ya mekoni. Nao wanaanatomia wa Ulaya walioandika kwa Kilatini, baadhi yao walichagua neno lililotokana na majivu kwa sehemu hiihii. Hawakujua Kiswahili, lakini waliliona jiko lilelile. Ila majivu hayo ni ya maiti. Katika mtu aliye hai sehemu ya kijivu hukaribia waridi, kwa kuwa vishipa vidogo vya damu vimesongamana humo kuliko katika sehemu nyeupe.

Weupe nao una sababu yake, nayo ni mafuta. Neva hubeba ujumbe kwa nyuzi ndefu, na nyuzi nyingi huzungushiwa tabaka juu ya tabaka za kitu kiitwacho mielini. Ukiikausha mielini, zaidi ya theluthi mbili ya uzito wake ni mafuta. Aliyeipa jina ni Mjerumani Rudolf Virchow mwaka 1854, naye alilitoa katika lile lile neno la Kigiriki la uboho. Kazi ya mafuta hayo ni kuharakisha ujumbe. Uzi mnene uliovikwa mielini huweza kusafirisha ujumbe kwa kasi ya hadi mita 120 kwa sekunde, ilhali uzi mwembamba usio na mielini hujikokota kwa mita moja hivi kwa sekunde. Ndiyo maana ukijigonga kidole cha mguu kwenye kigoda, kwanza huja maumivu makali ya papo hapo, kisha, baada ya kitambo kifupi, yanafuata yale ya taratibu yanayokufanya ukae chini ukishike kidole. Kigonga ni kimoja, ila habari zimepita njia mbili.

Sehemu ya kijivu ndiko ziliko seli zenyewe. Kule nyeupe ni barabara, huku kijivu ni kituo: ujumbe hufika, hupokewa, huamuliwa, hukabidhiwa mwingine. Mabawa ya kipepeo huitwa pembe. Pembe ya nyuma, upande wa mgongo, hupokea habari za hisia kutoka mwilini. Pembe ya mbele, upande wa tumbo, ina seli kubwa zinazoamrisha misuli. Mgawanyo huu ulianza kujulikana karne ya 19. Mskoti Charles Bell aliukaribia mwaka 1811, na Mfaransa François Magendie akauthibitisha mwaka 1822 kwa kuonyesha kwamba mizizi ya neva inayoingia nyuma ni ya hisia, nayo inayotoka mbele ni ya mwendo. Ubishi wa nani alitangulia uliwasumbua wenyewe na wafuasi wao kwa miaka mingi. Wasomi ndivyo tulivyo.

Kituo hiki cha kijivu hakingoji ruhusa ya ubongo kwa kila jambo. Ukikanyaga mwiba peku, mguu huinuka kabla hujajua kwamba umechomwa. Habari imefika pembe ya nyuma, ikapokezwa seli za katikati, zikaiamrisha pembe ya mbele, mguu ukaruka. Na si huo tu. Mguu wa pili hukazwa wakati huohuo ili usianguke. Yote hayo yamepangwa mgongoni. Ubongo huarifiwa baadaye. Ajabu ni kwamba sisi huziita neva mishipa ya fahamu, ilhali nusu ya kazi zake hufanyika bila fahamu yoyote. Neno mshipa lenyewe limebebeshwa mzigo mkubwa: damu hupita mshipani, neva ni mshipa, na mtu wa pwani akikwambia fulani ana mshipa huenda anamaanisha ngiri. Nionavyo mimi, neva limetuokoa.

Uwiano wa rangi hizi mbili haulingani kila mahali. Ugwe ukikatwa karibu na shingo, nyeupe ni nyingi sana, kwa sababu nyuzi zote za miguu, kiwiliwili na mikono zinazopanda kwenda ubongoni, na zile zinazoshuka, zimejaa hapo. Ni kama barabara inayokaribia Nairobi, kila makutano yanaongeza magari. Ukikatwa chini, karibu na mwisho, nyeupe imebaki kidogo na kipepeo wa kijivu anaonekana mnene. Aidha, kijivu huvimba mahali pawili, penye neva za mikono na penye neva za miguu, maana viungo hivyo vina kazi nyingi za kuratibiwa. Na ukipanda hadi kwenye ubongo utakuta mambo yamepinduka: kijivu kimetoka nje kikawa ganda, nyeupe imeingia ndani. Ndiyo sababu nawapinga wanaopendekeza tuite sehemu ya kijivu kiini. Ni kiini mgongoni tu. Rangi ndiyo haibadiliki, na heri jina lishike kisichobadilika.

Nyuzi za barabara hizi nyeupe hazipandi zote upande mmoja. Aliyetufunulia hilo ni mtu wa Bahari ya Hindi, Charles-Édouard Brown-Séquard, aliyezaliwa Port Louis, Morisi, mwaka 1817, kisha akafanya kazi Paris, London na Marekani. Alionyesha kwamba ugwe ukikatwa nusu yake, tuseme upande wa kulia, mguu wa kulia hupoteza mwendo, lakini mguu wa kushoto ndio unaopoteza hisia za maumivu na joto. Wengi waliona kama kichekesho. Maelezo yake ni kwamba nyuzi za maumivu huvuka kwenda upande wa pili mara tu zinapoingia mgongoni, ilhali nyuzi za mwendo zimekwisha kuvuka huko juu, chini ya ubongo. Hadi leo madaktari huiita hali hiyo kwa jina lake.

Lakini kama unadhani kijivu na nyeupe ni mambo ya maabara, nikuulize: umewahi kumpeleka mtoto kupata matone ya polio? Basi umelitamka neno kijivu kwa Kigiriki. Mnamo 1874 Mjerumani Adolf Kussmaul aliuita ugonjwa huo kwa jina refu la Kigiriki na Kilatini lenye neno poliomyelitis. Polios ni kijivu, myelos ni ule uboho wetu wa awali, na mwisho wa neno unaashiria uvimbe wenye ugonjwa. Yaani uvimbe wa sehemu ya kijivu ya ugwe. Sisi tumelikata neno, tukabakiwa na rangi peke yake. Mama anayesimama foleni kwenye zahanati akiuliza kama chanjo ya polio imefika, kwa hakika anauliza habari za chanjo ya kijivu.

Na jina hilo halikutolewa ovyo. Virusi vya polio huchagua seli za pembe ya mbele na kuziua, huku zile za nyuma zikiachwa. Matokeo ni kwamba mguu hulegea na kudhoofika, lakini hisia hubaki. Mtu aliyepoozwa na polio humhisi mbu akitua kwenye ugoko. Hawezi tu kuuondoa mguu. Mwalimu wangu mmoja wa shule ya msingi alikuwa hivyo, na watoto tulishangaa kwamba mguu tuliouita mfu ulikuwa ukisikia baridi ya asubuhi kuliko ya kwetu. Virusi asilia vya polio vilitangazwa kuwa vimetokomezwa katika kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani mwezi Agosti 2020. Hata hivyo, matone bado ni ya lazima, maana virusi hivi havisomi matangazo.

Sasa turudi kwenye jina. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa kijijini kwetu alianguka kutoka mwembeni. Katika hospitali moja, ambayo sitaitaja, jamaa zake waliambiwa kwamba uti wa mgongo umevunjika. Hawakuuliza zaidi. Waliosikia habari hizo walisikia kwamba kijana hatatembea tena, na kabla ya jua kutua mchango wa kiti cha magurudumu ulikuwa umeanza. Mchumba wake alichukuliwa na wazazi wake. Kumbe kilichovunjika ni pingili moja. Ugwe ulikuwa mzima. Alilala chali kwa wiki nyingi, akafungwa mkanda, na baada ya miezi alitembea hadi sokoni kwa miguu yake. Mchumba hakurudi. Muuguzi alisema kweli kabisa, ila alisema kwa neno lenye maana mbili, nao wasikilizaji wakashika ile iliyowatisha.

Mfupa huunga. Ugwe, ukikatika, hauungi kwa namna hiyo. Nyuzi za sehemu nyeupe zikikatwa hapo hazioti tena zikafika zilikokuwa zikienda, tofauti na neva za mkononi au mguuni ambazo angalau hujaribu. Kwa hiyo swali la kwanza la jamaa wa majeruhi linapaswa kuwa hili: ni uti au ni ugwe? Na la pili, kama ni ugwe, umekatika wote au sehemu tu? Wapo waliobakiwa na nyuzi chache za nyeupe ambazo kwa mazoezi ya muda mrefu zimewarudishia mengi.

Tofauti hiyo ina uzito hata kabla ya hospitali. Kwenye ajali zetu za barabarani, wasamaria wema humshika majeruhi huyu kwapani, yule miguuni, wakamkunja ili aingie nyuma ya gari dogo, au wakamkalisha kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Pingili iliyovunjika ina ncha kali. Ugwe uliokuwa mzima barabarani unaweza kukatwa na mfupa wake wenyewe wakati wa kubebwa. Kama hapana moto wala hatari nyingine, alale alivyo, kichwa na shingo vishikiliwe visigeuke, wasubiriwe wenye ubao wa kumbebea. Ikibidi aondolewe, watu kadhaa wamsogeze kwa pamoja, mwili ukiwa umenyooka kama gogo. Ukijua kwamba ndani ya mfupa mna ugwe laini kama jibini, hutahitaji kuambiwa mara mbili.

Nayo ile homa? Daktari akiishuku hutaka kuchukua maji kidogo yanayouzunguka ugwe ili yapimwe. Wazazi wengi hukataa. Wamesikia kwamba sindano itaingizwa katika uti wa mgongo, na kwa kuwa uti wa mgongo ndio huo unaopoozesha watu, wanaamini kwamba mtoto atalemazwa. Hofu hiyo imetokana na neno. Ukweli ni kwamba ugwe haufiki chini. Kwa mtu mzima huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, maana mfupa huendelea kurefuka utotoni ukauacha nyuma. Chini ya hapo mna maji na mizizi ya neva inayoning'inia, ambayo wanaanatomia waliipa jina la Kilatini lenye maana ya mkia wa farasi, na kweli ndivyo ilivyo. Sindano huingizwa huko chini, kwa kawaida baina ya pingili ya tatu na ya nne ya kiuno au ya nne na ya tano, na mizizi ile husogea kama nywele zinavyosogezwa na kitana. Kwa mtoto mchanga ugwe huishia chini zaidi kidogo, na daktari hulijua hilo na kuteremka ipasavyo. Sindano inaingia katika uti, ndiyo. Katika ugwe haiingii.

Kwa hiyo mimi katika safu hii nitaandika uti wa mgongo kwa mfupa na ugwe wa mgongo kwa kilichomo ndani, na nawaomba wahariri wa magazeti na watangazaji wa redio wajaribu hivyo mwezi mmoja tu. Homa ya uti wa mgongo naiacha kama ilivyo. Jina lile limekita mizizi, na anayelisikia hukimbilia hospitali, jambo ambalo ndilo tunalolitaka.

Limebaki moja la pembe. Mwanafunzi wangu aliyekulia kwa wafugaji aliniuliza, ikiwa tunasema pembe ya mbele na pembe ya nyuma, mbuzi tutamfanyaje? Pembe iliyo mbele kwa mtu aliyesimama, kwa mbuzi inatazama ardhi. Alipendekeza pembe ya tumboni na pembe ya mgongoni, ili jina moja limfae mtu na mnyama wake. Nimelizungusha kichwani wiki mbili sasa na sijalipata kasoro.